Mkamwana na Mkwe Katika Darasa Moja

Binti yangu wa pili ndiye mwanamke wa kwanza kutoka upande wetu wa Ibaba kwenda chuo kikuu. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu najua nitalirudia, na wajukuu wangu wamekwisha kuchoka kulisikia. Wachoke. Mimi niliishia darasa la pili, tena la kanisani, tukiandika vumbini kwa kidole. Kusoma barua nilijulia ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, mtoto yuko mgongoni ananivuta hereni. Kwa hiyo mtu asinikataze kujisifu.

Ila sifa ile ilitaka kunifia mkononi, na ndiyo habari ninayoiandika hapa.

Ilikuwa miaka ya vijiji. Tulikuwa tumeshatolewa huko migongoni mwa vilima, kila ukoo ulipokuwa, tukapangwa kando ya barabara kwa mistari, nyumba inatazama nyumba. Aliyetupanga hakuwa mtu wa kwetu. Alikuja na kamba na vigingi, akapima, akapigilia, akasema ndugu wewe hapa, ndugu wewe pale. Shule ikawa karibu, zahanati ikawa karibu, sikatai. Lakini yule bwana hakuuliza nani ni mkwe wa nani.

Kwetu sisi Wandali, mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Si ugomvi, ni heshima. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini, au anageuka na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Haketi alipoketi mzee, hali naye, hasemi naye. Na si baba mmoja tu, maana ndugu wa baba wa mume nao ni baba zake. Mimi niliishi miaka sita na mkwe wangu nikiujua mgongo wake na kikohozi chake, na uso wake niliuona sawasawa siku aliponifungulia. Maana kufunguliwa kupo. Mkwe mwenyewe akipenda analeta kuku jike mzima kwa mkono wake, mkamwana anampokea, anamletea maji, anamnawisha, wanatazamana. Basi, toka hapo ni baba na mwana. Lakini lazima aanze mkwe. Mkamwana hana ruhusa hata ya kuomba.

Watu wa kanisa walilipiga vita jambo hili na wengine wakaliacha. Wengi hatukuliacha.

Sasa ichukue desturi hiyo uiweke kwenye kijiji cha mistari. Wakamwana walikuwa wanapita nyuma ya vyoo kwenda kuteka maji, kwa sababu njia kuu inapita mlangoni kwa mkwe. Na shamba la ujamaa ndilo lilikuwa balaa lenyewe. Tuta hili mkwe, tuta lile mkamwana, wote wameinama, jua linawapiga. Nani akubali? Wanawake wakawa hawaendi, au wanakwenda jioni wazee wakishaondoka, na jioni mwenye daftari la mahudhurio naye kashaondoka. Ofisi ikaandika kwamba wanawake wa kijiji chetu ni wavivu, ikabandika orodha ya majina. Na mimi nilikuwamo, kwa sababu mkwe wangu alinifungulia lakini mdogo wake hakunifungulia, na mdogo wake ndiye aliyepewa tuta la jirani. Mimi, mvivu. Mimi niliyekuwa nikishusha gunia la maharage kutoka Ibaba hadi kwenye lori, nikaenda nalo Tunduma, nikarudi na chumvi na sabuni.

Binti yangu aliolewa mwaka mmoja kabla ya kwenda chuo, na kijana wa mgongo wa kilima cha pili, aliyekuwa akifanya kazi ya reli pale Tunduma. Baba wa kijana alifariki baada ya posa, kabla ya harusi. Alikuwa amebaki baba mdogo mmoja tu, msomi, ambaye siku ya harusi alikuwa bado yuko Ulaya masomoni. Mimi nilikuwa sijapata kumwona. Nilisikia baadaye kwamba amerudi na ni mkubwa huko Dar es Salaam, nikasema vizuri, nikaendelea na kazi zangu.

Binti alipofika mwisho wa mwaka wa pili, chuo kiliwatuma wanafunzi vijijini waishi na watu, walime nao, kisha kila mmoja aandike jambo moja aliloliona. Kundi moja likaja kwetu. Walishuka treni Tunduma, wakapandishwa lori hadi Itumba, kisha wakaletwa huku juu kwenye baridi, wamevaa vishati vya pwani, meno yanagongana. Walikuwa kumi na wawili, na walimu wawili. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Kijiji kizima kilitoka kumwangalia akishuka kwenye lori, na mimi nilijiweka mbele, nani angenitoa.

Nyumbani kwangu alilala yeye pamoja na msichana mwenzake wa Tanga, Mwislamu, waliyekuwa wakikaa naye chumba kimoja chuoni. Jirani alilala kijana Mhindi, lakini kula alikuja kwangu. Siku ya kwanza niliwachinjia kuku. Yule wa Tanga akala maharage tu, kuku hakumgusa. Mhindi naye vilevile. Nikavimba. Nikamuuliza yule binti mbele ya wote kama kuku wangu ananuka. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba yeye hali nyama isipokuwa amechinja Mwislamu mwenzake. Nikamgeukia Mhindi. Yeye akasema kwao nyama hawali kabisa, ya aina yoyote, na kwamba maharage yangu ni matamu kuliko ya chuoni. Yakaisha. Safari iliyofuata kuku alichinjwa na dereva wa lori, aliyekuwa Mwislamu wa Ujiji, na Mhindi nikamwekea karanga. Wanakijiji walikuwa wakimwita mgeni kutoka Bombei, naye akawa anawajibu, "Mimi mtu wa Mwanza," kisha anawamwagia Kisukuma ambacho hakuna aliyekielewa.

Mkuu wa kundi alikuwa mwalimu mwanamke kutoka Afrika Magharibi, mama mkubwa mwenye kilemba, mweusi kutupita sisi. Wazee walimsemesha Kindali, na asipojibu wakadhani anawaringia. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko cha mapadre wa Kizungu, lakini alikuwa na moyo. Mwalimu wa pili alikuwa amebaki Itumba akizungumza na watu wa wilaya.

Siku ya tatu asubuhi tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, mimi na wasichana wangu wawili. Nikaona mtu anapanda kutoka barabarani, suruali ya kaki, miwani, viatu vya kung'aa. Binti yangu akainua macho. Ungo ukamtoka, mahindi yakamwagika, na yeye huyo, nyuma ya nyumba, kanga kichwani. Mimi nikamtazama yule mwanamume. Lile paji la uso nililijua. Lilikuwa la marehemu mkwe wa binti yangu, niliyekaa naye mkeka mmoja siku za posa. Nikajua pale pale nimesimama mbele ya nani.

Alinisalimu haraka haraka, "Shikamoo mama," akamwulizia mwalimu mkuu wa shule, akapita. Jina la ukoo hakulitaja.

Yule wa Tanga alikuwa anaokota mahindi. Akasema taratibu, "Mama, ndivyo anavyofanya hata darasani." Nikamwambia aache mahindi, akae, anieleze.

Akanieleza. Miaka miwili, kwenye somo la mwalimu yule, binti yangu alikaa nyuma ya mwanafunzi aliye mpana kuliko wote. Akiitwa ajibu, anaangalia meza, kimya. Kwa walimu wengine anasema kama redio. Wanafunzi wakawa na maneno yao. Wengine walisema watu wa milimani huogopa wanaume. Wengine walisema mambo mabaya zaidi juu yake na mwalimu yule, ambayo sitayaandika. Mama wa Afrika Magharibi akaona huyu msichana amekosa ujasiri, naye mwenyewe alisoma akiwa mwanamke peke yake kati ya wanaume, akataka kumsaidia. Akamhamisha kutoka nyuma akamketisha kiti cha kwanza kabisa. Uso kwa uso na mkwe. Mtoto akawa anakaa upande upande kama anayesubiri basi. Mwalimu mwanamume akaandika: ana kiburi. Kikao cha walimu kikaamua kwamba safari hii taarifa ya kijijini ataisema kwa mdomo, mbele ya walimu wote wawili. Akinyamaza tena, mwaka wa tatu asirudi.

"Zimebaki siku tisa," yule wa Tanga akasema. "Na mimi nimelala naye chumba kimoja miaka miwili hajaniambia kwa nini."

Nilimfuata binti yangu nyuma ya nyumba. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa, maana alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholala, amejikunja kama mgonjwa. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje, mama? Pale tunaambiwa hakuna kabila wala dini, sote ndugu. Nikitaja habari ya mkwe, watasema nimetoka porini. Na mwenyewe anajua mimi ni nani."

Alikuwa anajua. Mumewe, yule wa reli, alimwandikia baba yake mdogo, akimwomba amtazame mkewe. Jibu likaja kwamba asome kwa bidii, na mtu yeyote pale chuoni asijue kwamba ni ndugu.

Siku ile nilipukuchua mahindi peke yangu hadi vidole vikauma. Nilikuwa nafikiria soko la Tunduma. Pale walikuwapo wanawake wa Kibemba kutoka ng'ambo ya mpaka, Wanamwanga, Wanyiha, wafanyabiashara Waislamu wa kutoka mbali, hata Wachina wa reli. Yule bwana aliyekuwa akinunua maharage yangu, saa ya swala ikifika alitandika mkeka wake kando ya magunia, mimi nikamlindia mzani. Nami nikitaka kunyonyesha, alinigeuzia mgongo. Hakuna aliyetufundisha. Kila mtu alikuja na mzigo wake sokoni na hakuna aliyeambiwa auache mpakani. Sasa hawa wasomi, wamekusanywa kutoka nchi nzima na nje ya nchi, wakaambiwa ni sawa wote, na kila mmoja akakimbilia kuficha chake chini ya kitanda. Usawa ni mzuri. Mimi naujua utamu wake, ndio ulionifundisha kusoma nikiwa mama wa watoto wanne. Lakini hata yule wa kamba na vigingi alituambia tuko sawa.

Nilianza kwa yule mama mwenye kilemba. Nilimweleza, huku yule wa Tanga akinisaidia pale maneno yangu yalipomshinda. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akasema ni rahisi, siku ile atamtuma mwalimu mwenzake Itumba, asiwepo. Nikashukuru, nikarudi mbio na habari njema. Binti yangu akakataa.

"Mwaka wa tatu yumo vilevile," akasema. "Nikimkwepa hapa, kule nitamkwepa wapi? Na taarifa yenyewe, mama, unajua nimeandika nini?"

Sikujua. Alikuwa ameandika kwa nini wanawake wa kijiji chetu hawaendi shamba la ujamaa. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, wakamwambia mambo ambayo mwenye daftari hakuwahi kuambiwa, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Nilikaa chini. Nikaona kwamba mtoto huyu akinyamaza, hatanyamaza peke yake.

Kesho yake asubuhi nikajifunga kitenge changu kipya cha Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikaenda kwa mkwe. Alikuwa amepewa chumba kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Nilimkuta barazani ana makaratasi.

"Mkwe," nikamwambia, "umekuja kwetu na hujafika kwangu kuketi."

Aliangalia kwanza kama kuna mtu anasikia. Ndipo akaniita mkwe na yeye, kwa Kindali, kwa sauti ya chini. Akasema kazi ni nyingi. Nikamwambia hiyo kazi naijua, inaitwa kumfukuza mwanangu. Akavua miwani. Akanieleza, na sitasema alikuwa mtu mbaya, alinieleza kwa uchungu. Kwamba siku hizi upendeleo wa ndugu ni dhambi kubwa, watu wanatolewa kazini. Kwamba yeye ndiye wa kwanza kutoka milima hii kufundisha pale, wapo wanaosubiri ateleze. Ikijulikana anamfundisha mke wa mwanawe, kila alama atakayompa itasemwa imepikwa. Halafu akasema alitegemea mtoto wa chuo kikuu ataiacha desturi hii mwenyewe.

"Ulitaka aiache yeye," nikasema, "na wa kuifungua ni wewe."

Akaanza kupanga upya makaratasi yake.

"Kuku mmoja, mkwe. Kusoma kote huko, mpaka Ulaya, umeshindwa kuku mmoja. Alama wampe wengine. Wewe sema mbele za watu kwamba ni mwanao, uweke kalamu chini, usikilize."

Akasema hana kuku.

"Katafute," nikamwambia. "Mimi wangu sikupi."

Siku zikapita, sikusikia kitu. Binti alikuwa hali chakula vizuri. Yule wa Tanga alikuwa akimsomesha taarifa yake chumbani, yeye akijifanya mwalimu, miwani isiyokuwapo puani, anakohoa kama mwanamume, na hapo ndipo tu nilipowasikia wakicheka.

Asubuhi ya siku yenyewe watu walikuwa wamejaa ofisi ya kijiji na nje yake. Mimi nilibaki uani na binti yangu, amevaa gauni la bluu, amekamata karatasi zake kama anayetaka kuzikamua maji. Tukasikia kelele barabarani, vicheko vya watoto. Mkwe alikuwa anakuja. Amepita mstari mzima wa nyumba, kila mlango una macho, amekamata kuku jike mwekundu chini ya kwapa, hajui kumkamata, kuku amemchafua shati jeupe hadi kiunoni. Nyuma yake wanafunzi wanafuata hawajui wacheke au wanyamaze. Kijana Mhindi aliwaambia wanyamaze, wakanyamaza.

Alisimama mlangoni kwangu akapiga hodi. Nikamkaribisha. Nikamwendea binti yangu, nikamwondolea kanga aliyokuwa ameshajifunika usoni, kwa mkono wangu.

Alimpokea kuku. Akaleta maji kwenye bakuli, akapiga magoti, akammiminia. Maji mengi yalikwenda chini. Kisha akainua uso. Miaka miwili katika darasa moja, na ile ndiyo mara ya kwanza kuonana. Mkwe akasema, "Mwanangu." Yeye akasema, "Abee, baba." Basi. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Ofisini mkwe alisimama kabla ya wote. Akasema msichana huyu ni mke wa mwana wa kaka yake, kwamba alijua tangu siku ya kwanza, kwamba alikosea kuandika ana kiburi, na kwamba leo hatampa alama yoyote. Akaketi. Yule mama mwenye kilemba alikuwa akimtazama kama anayemwona upya.

Binti yangu akasema taarifa yake. Sauti ilianza nyembamba, kisha ikapata njia. Alitaja vyoo tunavyozunguka, alitaja matuta, alitaja daftari. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anaangalia paa. Alipomaliza, mama mwenye kilemba akauliza yake, akajibiwa. Halafu mkwe akainua mkono. Nilidhani atamsifu. Wapi.

"Unajuaje," akauliza, "kwamba wanawake hao hawakupi sababu tu, ili wakwepe kazi?"

Mtoto akamtazama moja kwa moja. "Kwa sababu miaka miwili, baba, nilikaa kimya mbele yako, ukaandika nina kiburi. Nilikuwa nakwepa kazi?"

Mimi niliona kama amemtukana mkwe siku ile ile aliyofunguliwa.

"Hapana," akasema. "Hukuwa unakwepa kazi." Na akaandika kitu kwenye karatasi yake, ambacho hakikuwa alama.

Yule mama alitoka nje na binti yangu, wakasimama kando ya mlingoti wa bendera. Nilisogea kusikia, sioni aibu. Alimwambia atarudi mwaka wa tatu. Halafu akamwambia, kwa Kiswahili chake kile cha kuvunja mawe, "Mimi kukuweka mbele, nafikiri nasaidia. Sikuuliza. Pole." Binti yangu akamwambia asante. Mimi ndipo nikakaa chini kwenye majani na kitenge changu kipya, nikalia mbele ya kijiji kizima.

Sitasema kwamba dunia ilibadilika. Taarifa ile ilipelekwa wilayani, ikakaa huko. Orodha ya wavivu iliendelea kubandikwa msimu mzima na jina langu limo. Mwaka uliofuata ndipo mwenyekiti, kimya kimya, bila kusema kaipata wapi akili hiyo, akatenga upande wa juu wa shamba uwe wa wanawake.

Lori lilipokuja kuwachukua, mkwe alipanda mbele na dereva, wanafunzi wakajazana nyuma na magunia ya viazi. Binti yangu alijisogeza hadi kwenye kidirisha cha nyuma ya dereva. Lori lilipoanza kushuka nilimwona ameinama hapo, anamwambia mkwe jambo, na mkwe amegeuza shingo, anatikisa kichwa kukataa, naye anamwambia tena, mkono unakata hewa. Walikuwa wanabishana. Nilisimama barabarani mpaka lori likapotea kwenye kona, na wao bado wanabishana.